Ng'ombe Analala Wapi?

Mtu akitaka kuongea na watu wa Hanang juu ya udongo, asianze na semina. Aende mnadani. Kwenye semina atawakuta walewale: mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mwalimu mmoja, na wakulima wachache ambao majina yao hayakosekani kwenye karatasi za mahudhurio. Mnadani Katesh wanakuja wote. Mbarabaig ameswaga dume lake tangu jana, Mwiraqw anatafuta mbegu ya maharage, Mnyaturu ameshusha vitunguu, kijana wa bodaboda anasubiri abiria, mama anageuza nyama juu ya makaa. Wote hao wanaishi kwa udongo mmoja, na wengi wao hawajawahi kukaa pamoja kuuzungumzia.

Nilifanya kazi ya ugani katika wilaya ya Hanang kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na Dirma ndiko nilikokaa zaidi. Waliniita bibi shamba tangu nilipofika, ningali binti. Nyumbani kwetu ni Kainam, juu kwenye milima ya Mbulu, na wazee wa Dirma hawakuniona mgeni sana, kwa sababu wengi wao bado wanaikumbuka Hanang ilipokuwa sehemu ya Mbulu.

Mnadani nilikuwa natembea na glasi mbili, maji safi, vipande viwili vya wavu na mabonge mawili ya udongo mkavu. Bonge moja nilikuwa nalitoa kwenye shamba linalolimwa kwa diski kila mwaka. La pili nalitoa hatua chache kutoka hapo, kwenye mpaka wenye nyasi ambako jembe halijafika. Rangi zao zilikaribiana. Kabla sijayatumbukiza niliuliza swali moja tu: lipi litaanguka? Basi. Watu wakasogea, wakayashika, wakayanusa, wakatofautiana, wakawekeana dau la soda. Nikiyaweka juu ya wavu ndani ya maji, bonge la shambani lilitoa mapovu, likaanza kumeguka, na soda haijaisha mkononi limeshakuwa tope chini ya glasi. La mpakani lilikaa.

Maelezo niliyatoa mwisho, na kwa aliyeyaomba. Kinacholishikilia lile bonge la mpakani ni mizizi myembamba, nyuzi za kuvu na ute wa vijidudu wanaokula majani yaliyooza. Diski ikiugeuza udongo mwaka hadi mwaka, mboji inaungua kwa hewa na jua, chembe zinabaki hazina cha kuzifunga. Mvua za mwanzo zikipiga, uso wa shamba unaziba, maji yanakimbilia korongoni badala ya kuzama. Nilitambua mapema kwamba mtu aliyebishana na mwenzake kabla ya kusikia maelezo haya anaondoka nayo hadi nyumbani, anayarudia kwa mkewe au kwa mumewe. Aliyeyasikia bila kubishana huyaacha palepale. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linasema asilimia 95 ya chakula chetu hutoka kwenye udongo, na mwaka 2015, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Udongo, tuliletewa mabango yenye takwimu hiyo. Ni takwimu ya kweli. Lakini hakuna aliyesimama mbele ya bango lile akabishana nalo.

Hata hivyo mnadani ni mlangoni tu. Kuna jambo ambalo ofisa yeyote anayekwenda Dirma, Mulbadaw au Basotu na karatasi mkononi anapaswa kulijua kabla hajafungua kinywa, nalo ni ngano. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa saba katika nyanda za Hanang, karibu eka 100,000 kwa jumla. Kwa waliochora ramani, nyanda zile zilikuwa tupu. Kwa Wabarabaig zilikuwa muhajega, malisho bora kuliko yote, yanayoliwa kwa msimu wake na kupumzishwa kwa msimu wake. Charles Lane, mtafiti aliyekaa nao na kuandika juu ya malisho yao, alieleza aina nane za malisho ambazo mifugo ilizungushwa kwa mwaka. Ukiondoa moja iliyo bora, saba zilizobaki zinabeba mzigo ambao hazikuumbiwa. Hilo ndilo lililotokea. Kule ngano ilikopandwa, mitambo mizito ililima hadi kwenye njia za maji, makorongo yakafunguka. Kule ng'ombe walikosukumwa, nyasi zikaisha.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani mwaka 1981, kikashinda katika Mahakama Kuu Arusha mwaka 1984, kisha kikashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Naitaja kesi hii kwa sababu niliisikia mara nyingi kwenye mikutano ya udongo, bila mimi kuitaja. Mzee anaulizwa juu ya mbolea, anajibu juu ya Mulbadaw. Wenzangu wengine walikuwa wanaona ametoka nje ya mada. Mimi naamini yeye ndiye aliyekuwa ndani ya mada kuliko sisi. Alikuwa anasema: mara ya mwisho wataalamu walipokuja kutuambia ardhi yetu itumike vizuri zaidi, tuliipoteza, sasa nieleze wewe umekuja kufanya nini. Swali hilo linastahili jibu kabla ya somo lolote la mboji.

Kwetu Kainam udongo haukuwa somo. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja nasi, na kila asubuhi bibi yangu na wakwe zake walizoa samadi wakaijaza kwenye vikapu, wakapanda nayo mlima hadi kwenye matuta ya viazi. Magugu hayakuchomwa; yalizikwa ndani ya tuta. Mashamba yalikuwa madogo, yamekatwa kwenye mteremko kwa mikono, na yalizaa mwaka hadi mwaka. Watu wa nje walizoea kusema kwamba Wairaqw walilima hivyo kwa sababu walizingirwa na maadui wakabanana milimani. Lowe Börjeson, mtafiti wa Sweden aliyechunguza kilimo chetu na kuandika mwaka 2004, aliupinga mtazamo huo. Kazi ndogondogo za kila siku zilijumlika kizazi hadi kizazi hadi ardhi ikawa na thamani ambayo mtu hataki kuiacha. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi na kikapu chake. Hakuna aliyekuwa anamkimbiza. Alikuwa anaiongezea thamani nyumba yake.

Ndiyo maana nilishangaa nilipowakuta ndugu zangu Wairaqw walioshuka Hanang hawabebi samadi tena. Boma limejaa, shamba liko karibu na boma, na samadi iko palepale, imekauka juani. Nilipouliza, jibu lilikuwa jepesi: kule juu shamba lilikuwa dogo, huku ni eka na eka, na trekta inalima yote kwa siku moja. Kikapu cha kichwani hakiwezi kuifuata trekta. Walikuwa sahihi. Shamba la mahindi linahitaji karibu tani nne za samadi kwa eka, na mkokoteni wa punda hubeba chini ya nusu tani. Mwenye eka kumi afanye hesabu mwenyewe.

Kwenye hali hiyo ndipo ulipotufikia mradi mmoja wa kilimo hifadhi. Somo lake lilikuwa zuri na la kweli: usilime kwa kugeuza, changanya mahindi na mbaazi au ngwara, na usiyaondoe mabua, yaache yafunike ardhi. Mabua yaliyolala juu ya udongo yanapunguza joto, yanavunja nguvu ya tone la mvua, yanalisha nyungunyungu na mchwa. Wakulima walitikisa vichwa kukubali. Mbaazi na ngwara walizipanda, kwa sababu zina soko na zinarutubisha ardhi. Lakini mabua, kufika Septemba, hayakuonekana. Kila mwaka yalikuwa yanaliwa yote, na kila mwaka tulirudi na somo lilelile, tukilipaza sauti zaidi.

Mabua ya Julai ndiyo malisho ya Septemba. Nyanda za malisho zimepungua, nimeshasema kwa nini, na ng'ombe wa kiangazi hana pengine pa kwenda. Mwenye shamba huyauza mabua yake, au humpa shemeji, au anashindwa tu kuyalinda. Somo letu lilizungumza na mkulima peke yake, wakati jambo lenyewe lilikuwa la watu wawili.

Mkutano ninaoukumbuka ulikuwa wa kitongoji, mwezi Agosti, chini ya mgunga. Mkulima mmoja alisimama akalalamika kwamba ng'ombe wa watu wamemaliza mabua yake. Kijana mmoja wa Kibarabaig akamjibu palepale: "Umevuna magunia yako ukabeba. Mabua uliyaacha mwenyewe." Sauti zikapanda. Mwenyekiti akawa anatafuta namna ya kuahirisha. Ndipo bibi mmoja mzee wa Kibarabaig, aliyekuwa amekaa pembeni na wanawake wenzake, akaomba nafasi. Aliongea kwa lugha yake, mjukuu akatafsiri.

"Mwanangu," akaniambia mimi, "mnagombania mdomo wa ng'ombe. Ulizeni analala wapi."

Akaeleza. Ng'ombe anashinda kwenye shamba la huyu, jioni anarudi kulala kwangu. Alichokula huko anakiacha hapa. Bomani kwangu samadi imejaa hadi magotini, na ikizidi tunahamisha boma. Mimi sina shamba la kutosha kuimaliza. Kama mnataka mabua yenu, yapo; njooni myachukue, au mlaze ng'ombe kwenu.

Nilikuwa nimesomea jambo hilo chuoni kwa hesabu, lakini sikuwahi kulisikia likisemwa wazi hivyo. Ng'ombe mzima hutoa tena zaidi ya robo tatu ya naitrojeni aliyoila, sehemu yake kwa mkojo. Mkojo huo bomani unazama ardhini au unapaa hewani. Kinyesi nacho kikikaa juani miezi kadhaa kinapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kwa hiyo kila usiku rutuba ya kitongoji kizima ilikuwa inahama kutoka mashamba mengi na kurundikana kwenye maboma machache, na huko inapotea. Mabua yalikuwa ni nusu ya habari.

Kuanzia hapo mazungumzo yakabadilika, na kwa sehemu kubwa niliyaacha yaendeshwe na wenyewe. Makubaliano yaliyotoka hayakufanana. Kaya kadhaa zilikubaliana ng'ombe walale shambani: mwenye shamba anajenga uzio wa miiba, mfugaji analala nao, na baada ya siku chache uzio unasogezwa. Mahali pengine haikuwezekana kwa sababu maji yako mbali, au kwa sababu ya fisi, au kwa sababu ya wizi, ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyetaka kuutaja kwa jina. Wengine wakachagua kinyume chake: wakapeleka mabua bomani yawe matandiko. Ng'ombe wanakula wanachokitaka, wanakanyaga kilichobaki, mabua yananyonya mkojo, na kabla ya mvua yanatolewa, yanarundikwa kivulini, yanamwagiwa maji na kufunikwa. Rundo likikaa vizuri hupanda joto hadi nyuzi 60, mbegu za magugu zikafa. Tuliwafundisha kuchomeka fimbo katikati ya rundo na kuichomoa baada ya muda. Ikitoka baridi, rundo linahitaji kugeuzwa au maji. Fimbo ile ilifanya kazi kuliko vipeperushi vyote nilivyowahi kugawa.

Kisha ikaja bei, na hapa ndipo ninapotaka wale wanaoandika mikakati wakae kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mkakati wake wa bayoekonomi, wa 2021/22 hadi 2031/32, unaotaka mazao na mabaki ya viumbe hai yawe mali: chakula, nishati, mbolea, malighafi za viwanda. Naunga mkono. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini pale Arusha, wamekuwa wakijenga mitambo ya biogesi inayotumia kinyesi cha ng'ombe tangu miaka ya 1980, na nimepika chai kwa moto wake. Lakini kitu kilichokuwa bure kikiwa mali, kuna mtu aliyekuwa anakitumia bure. Kule Dirma watu hao walikuwa wajane na wanawake wasio na ng'ombe, waliokuwa wakiokota samadi kwa ndoo na kupeleka kwenye bustani zao za mchicha na vitunguu. Mkokoteni wa samadi ulipopata bei, baadhi yao walifukuzwa bomani.

Suala hilo lilirudi kwenye mkutano uleule, chini ya mgunga uleule, na waliolileta ni wanawake wenyewe. Wazee walibishana siku nzima kama kinyesi cha ng'ombe kinaweza kuuzwa hata kidogo. Mwishowe kitongoji kikaamua: anayebeba kichwani halipi, anayekuja na mkokoteni analipa. Sijaona mkakati wowote wenye kifungu kizuri kuliko hicho. Na kisingepatikana kama tungeyafanya mazungumzo yale kwa redio peke yake. Redio zetu zinatangaza kwa Kiswahili na zinafika mbali, nazipenda, nimeshiriki vipindi vyake. Lakini yule bibi hakusikiliza redio, na wanawake wale hawakuwa na vocha ya kupiga simu.

Mwaka 2023 ulitufundisha jambo jingine kwa ukali. Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo yalishuka hadi Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi. Alikatisha ziara akarudi. Siku mbili baada ya maafa, tarehe 5 Desemba, ilikuwa Siku ya Udongo Duniani, na kaulimbiu ya mwaka huo ilikuwa juu ya udongo na maji. Niliiona kwenye simu wakati watu wanachimba kwa mikono kutafuta ndugu zao.

Kwa muda mrefu baada ya hapo sikuyaweka mabonge kwenye maji mbele ya watu wa Katesh. Kumwonyesha mtu aliyepoteza watoto namna udongo unavyogeuka tope ni ukatili, hata kama nia ni njema. Wapo waliotushauri tutumie "fursa" ile kuhamasisha. Nilikataa, na ningekataa tena. Watu walikuwa na swali lao, nalo waliniuliza pembeni, kwa sauti ya chini: je, ni sisi tuliouangusha mlima kwa kulima? Niliwaambia kile ambacho wataalamu wa serikali walikieleza: ulikatika upande wa mlima wenye miamba dhaifu iliyonyonya maji mengi. Jembe la mtu wa Gendabi halikuufanya hivyo. Anayetaka watu watunze ardhi asiwabebeshe vifo ambavyo si vyao. Baadaye sana, walipoanza wenyewe kuuliza juu ya korongo fulani, juu ya miti ya mteremkoni, juu ya kule maji ya bondeni yanakopita, ndipo tulipoendelea.

Nina wasiwasi na walaji pia, kwa sababu tunawasahau. Udongo wa Hanang unaliwa Arusha na Dar es Salaam, katika mafuta ya alizeti, katika maharage, katika vitunguu. Alizeti ikikamuliwa, mashudu yanapakiwa kwenye malori, mengine yanavuka hadi Kenya kulisha kuku na ng'ombe wa maziwa wa huko. Mashudu yana protini nyingi, maana yake yana naitrojeni nyingi, na hiyo imetoka kwenye mashamba yetu. Haitarudi. Mimi ningependa yabaki mengi zaidi, yaliwe na ng'ombe wa Dirma wanaolala Dirma. Mtama na ulezi navyo vinastahili kurudi mezani. Vinavumilia ukame kuliko mahindi, na mabua ya mtama ng'ombe huyapenda. Lakini mama lishe wa Katesh aliniambia ukweli: mteja anataka ugali mweupe. Pale maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya Themi, Arusha, tuliwapikia watu wa mjini ugali wa mtama na maziwa mgando. Walikula, wakaomba tena, wakauliza unga unapatikana wapi. Mjini haukupatikana. Kumvutia mlaji halafu usimwonyeshe duka ni kumpotezea hamu yake.

Siku hizi jambo linaloziumiza vichwa kamati za vitongoji ni mashamba ya kukodi. Mtu wa Babati au Arusha anakodi eka hamsini kwa msimu mmoja, analeta trekta, anavuna, anaondoka. Haji mkutanoni, na hana sababu ya kulaza ng'ombe wa mtu kwenye ardhi ambayo mwakani ni ya mpangaji mwingine. Mwenye ardhi, ambaye mara nyingi amekodisha kwa sababu ya ada ya shule au ugonjwa, anarudishiwa shamba lililochoka. Mara ya mwisho nilipokwenda Dirma walikuwa wanajadili mkataba wa karatasi moja: mabua yabaki mali ya mwenye ardhi, mpangaji asilime njia ya maji, na anayekodi zaidi ya msimu mmoja aweke samadi au apande mbaazi kati ya mahindi. Mwenyekiti alitaka pia faini. Wazee wakasema faini isubiri, kwanza mpangaji aitwe, aje akae hapa chini ya mti, aulizwe.